Gari ya Moshi Isiyo na Reli

Baba Bahati,

Salamu zangu zikufikie pale uko, hata sijui ni upande gani wa upepo. Mimi niko muzima, ni magoti tu ndiyo yanalia asubuhi. Bahati anakusalimia; amekonda kidogo lakini usiogope, ni kazi. Mwamini muke wake anakusalimia, na tumbo lake linakusalimia pia, juu mutoto wa ndani anapiga mateke kila akisikia motokari inapita. Feza anakusalimia toka Kasuku, iko anauza samaki wa kukauka pale pale sokoni, na ile sauti ya kuita wateja alitoa kwako, si kwangu. Riziki mudogo wetu anakusalimia. Amerefuka, suruali zinamukimbia miguu. Kuku wa madoa, yule uliyesema nitamuchinja siku ya wageni, anakusalimia. Shemeji Yosefu, ndugu yako mukubwa, anakusalimia. Ndiyo. Yosefu. Soma tena kama hauamini.

Na mama yako anakusalimia. Ameketi hapa karibu yangu kwenye mukeka, anachambua maharagwe. Ameniuliza naandikia nani. Nimemwambia naandikia mwenye nyumba hii. Amesukuma maharagwe yake kando ili karatasi ipate nafasi.

Mwandiko wangu unaujua, unapanda kilima. Masista walinifundisha herufi, hawakunifundisha kuzinyoosha. Vumilia. Nataka nikueleze namna mama yako alifika hapa, juu hiyo njo habari yote ya barua hii.

Unakumbuka juma lile kabla homa haijakulaza. Ulikuwa unazunguka kamioneti yako kama muntu anazunguka bibi-arusi. Ulisema kile kilima kikubwa cha njia ya kwenu Pangi kilikushinda mara ya mwisho, ulirudi kinyumenyume mbele ya watu na ulipata haya. Ulisema safari hii utamuleta mama aone nyumba yetu, na motokari itapanda kama mbuzi. Kisha nikakukuta nyuma ya nyumba na beseni yangu. Beseni yangu ya kukandia unga! Ndani yake vidole vine vya chuma vimelala katika mazuti, yale mafuta yako ya motokari, wewe unavipangusa kimoja kimoja na kitambaa kama unaogesha mutoto. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Wewe ulicheka tu na yale meno yako. "Mama Bahati, hizi ni enjekteri za lori kubwa. Sasa motokari yetu itakunywa kama mukubwa." Nilikujibu inywe inavyotaka, lakini isinywee ndani ya beseni yangu. Ukasema utaninunulia ingine. Haukununua. Hasira ilikwisha zamani, nakwambia tu.

Halafu homa. Sitaki kuandika habari ya homa, uliiona mwenyewe. Nitaandika lile neno lako moja lililotoka limenyooka, kati ya mengine yaliyokuwa yanaelea. Ulinishika mukono ukasema: "Musiende mbali mbele ya kuregle." Nikauliza, kuregle nini, baba? Ukasema, "Bahati… aregle kwanza." Nikasema ndiyo, tutaregle, lala. Ukalala. Uso wako ulipoa kama wa muntu ametua muzigo.

Sasa fikiri mwenyewe. Mimi muntu wa jikoni, neno hilo kuregle nalisikia wapi? Kwetu, muke na mume wakitupiana sahani, wakubwa wanakuja kuregle. Mbuzi wa muntu akila muhogo wa mwenzake, wanaketi wanaregle. Na wewe, mume wangu, haukuwa na magomvi na muntu hapa duniani, isipokuwa moja. Nilijua mara moja ni ya nani.

Najua unaijua, lakini acha niseme namna niliisema mbele ya wakubwa. Wakati ule tulipoambiwa tuache majina ya ubatizo, wewe Petro na yeye Yosefu, kila muntu atafute la wazee wake, wewe uliamka mapema, ukafika kwa karani, ukaandikisha jina la baba yenu, Kikuni. Yosefu alifika nyuma yako, shati limepigwa pasi. Akasema, andika Kikuni. Karani akamwambia vizuri, kwa lile neno la wananchi wote, sitwayene, ndugu yako amekwisha kupita na hilo. Hakuna aliyemukataza kuandikwa nalo pia. Lakini alisema mukubwa hawezi kufuata mudogo kwa jina la baba yake mwenyewe. Akaandikwa jina la babu, akavuka muto kurudi kwake Alunguli, na tangu siku hiyo muto ule ukakaa katikati yenu. Sherehe ngapi. Watoto wangapi walizaliwa. Siku ya kukuzika alikuja, akasimama ngambo ya barabara, hakuingia uwanjani.

Basi kamioneti ikalala chini ya kibanda. Mama yako kule kijijini habari ilimufikia imechelewa, juu mvua ilikuwa imekata njia. Alilia peke yake bila kuona hata udongo wako. Kisha akatuma neno kwa muntu wa baiskeli: macho yake yanafunga, jicho moja limekwisha, anataka kuweka mukono juu ya kaburi la mwanawe wakati lile lingine bado linaona. Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Bahati alikuwa Kalima kwa kazi wakati ule wa homa. Aliporudi akataka kwenda kumuchukua mama yako, Koko wake, kesho yake. Nikasema hapana. Baba yako alisema, kabla ya kwenda mbali, turegle. "Kuregle nini, mama?" Nikasema mambo yao na baba yako mukubwa. Akafikiri, akainamisha kichwa. "Kama baba alisema hivyo, tufanye hivyo."

Nilivuka mwenyewe kwa mutumbwi. Kulikuwa na ukungu juu ya maji, ngambo haionekani, nilikuwa kama ninapelekwa mahali pasipo na jina. Nilimukuta Yosefu chini ya kipaa chake anapiga randa ubao wa mulango. Hakuacha kazi. Nilimwambia: shemeji, Petro alisema tusiende mbali mbele ya kuregle. Randa ikasimama. Akasema bila kuniangalia, "Petro? Yeye alisema hivyo? Kwa kinywa yake?" Nikasema kwa kinywa yake, na mukono wake ndani ya wangu. Akapuliza vumbi ya mbao, akapuliza tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Huyo mutoto," akasema. "Alikuwa anawahi kila kitu. Ametangulia kwa karani, ametangulia kwa kaburi, sasa ametangulia na kuomba amani." Alilia, Baba Bahati. Machozi yake yanafanana na yako, yanapita pembeni ya pua.

Wakubwa walikaa kwetu. Nilipika ugali na sombe, Feza akaleta samaki. Yosefu alisema jina la baba si kanzu, hawezi kulivaa sababu mwenye kulivaa amelala. Lisimuendee yeye. Lakini mutoto wa Bahati akizaliwa, kama ni mwanaume, ataitwa Kikuni, na Yosefu njo atamuita mara ya kwanza, wengine wote wamusikie yeye kwanza. Tukanywa maji kwa kikombe kimoja. Nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, Petro, nimefanya.

Asubuhi ya safari Bahati akawasha motokari. Baba Bahati! Ilikohoa, ikatetemeka, kisha ikatoa moshi mweusi hata sikuona tena jiko langu. Nguo za Feza zilikuwa kwa kamba, nyeupe zote, zikawa za matanga. Tukasema ni kulala sana, ikipata barabara itajisafisha. Tukaingia: Bahati kwa usukani, mimi katikati, shemeji kwa dirisha. Kwenye bac, kile kivuko cha muto, watu wa kuvukisha walikohoa na kutukana kwa upole. Kwa bariere, kizuizi cha njia upande wa pili, askari alizunguka motokari mara mbili. "Sitwayene, hii ni kamioneti ama ni tanuru ya matofali?" Bahati akasema ni ya marehemu baba. Akatuacha tupite.

Ndani ya pori njia ilikuwa kama ndoto. Miti imefungana juu, mwanga unashuka vipande vipande, na sisi tunapita na lile wingu letu linatufuata kama muntu aliyesahauliwa. Nilikuwa ninasinzia na kuamka. Kila nikisinzia nilikuona wewe kwa usukani. Kila nikiamka ni Bahati, na sikio lake ni lako. Katika kijiji kimoja vijana walisimama kando ya njia wanapiga makofi. "Ee, gari ya moshi imepotea reli! Stesheni ya Kindu iko nyuma, rudini!" Shemeji Yosefu akatoa kichwa dirishani akawajibu, "Reli tumeiacha kwa mama yenu!" Huyo ndugu yako. Sikumujua ana kinywa hivyo.

Lakini Bahati hakucheka. Alikuwa anagusa kidogo na motokari inaruka mbele kama imepigwa fimbo. Akiacha, inanguruma. Mazuti ilikuwa inakwisha mbio, na maji ya moteri yalianza kuchemka chini ya kilima kidogo tu. Akasimamisha. Akafungua boneti, akainama ndani. Kisha akarudi dirishani. "Mama, baba aligusa nini hapa ndani?" Nikasema sijui, mimi ninajua nini. Akauliza tena polepole, kama muntu anaongea na mutoto. Nikamwambia hakuna, isipokuwa vile vidole vine vya chuma vya lori kubwa, alivioshea ndani ya beseni yangu.

Bahati alishika kichwa. "Enjekteri! Mama! Baba alibadilisha enjekteri na hakuregle pompi ya mazuti, hakuiweka sawa nazo! Alikwambia nini siku ile? Sema kama alivyosema." Nikasema: musiende mbali mbele ya kuregle. Bahati, aregle kwanza. Nilipokuwa ninalisema ndipo nikalisikia. Nilisikia neno lako namna lilivyotoka kwako, na mafuta ya mazuti juu yake. Ulikuwa unasema habari ya motokari, baba. Mutoto wako asiungue njiani. Na mimi nilikwenda kuita wakubwa.

Nilifunika uso na kitenge. Ndipo nikasikia shemeji Yosefu. Nilidhani amekasirika, juu alikuwa amedanganywa amani, hakuna aliyemuomba kitu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mulango wa motokari. "Basi hakuniita mimi! Aliita pompi!" Akacheka tena, akapangusa macho, akasema, "Haidhuru. Pompi imenipa ndugu yangu. Sirudishi."

Lakini kucheka kulikwisha, na woga ukaingia mahali pake. Bahati alitueleza. Vile vidole vipya vina midomo mikubwa, na pompi bado haijawekwa sawa navyo, inatupa mazuti nyingi kuliko moteri inaweza kuchoma. Inayobaki njo ule moshi. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye kilima, moto unazidi ndani, chuma inaweza kutoboka, motokari inakufa pale pale porini. Na mbele kulikuwa kile kilima chenyewe. Nilimwangalia mutoto wangu, nikasema turudi. Nimezika mume, sitaki kuzika kitu kingine. Bahati akasema, "Mama, mvua iko karibu. Tukirudi leo, daraja za miti zitakwenda na maji, na Koko hatamuona baba kwa jicho lake tena." Nililiangalia lile wingu letu jeusi limekaa juu ya majani, haliondoki.

Halafu nikafikiri habari ya Riziki alipokuwa muchanga. Unakumbuka dada yangu alikuwa anamushindilia uji, kijiko juu ya kijiko, mutoto anatapika anavimba, tunasema ni mugonjwa. Hakuwa mugonjwa, ni kinywa kujazwa. Nikamwambia Bahati: umupe kidogo kidogo, umungoje ameze. Akaniangalia. "Mama, hii ni moteri, si mutoto." Nikasema najua ni moteri, baba yako alinioshea ndani ya beseni. Umupe kidogo kidogo. Akatabasamu, akavua kiatu. Ndiyo, alivua kiatu, akaendesha na mguu wazi ili asikie pedali vizuri. Kila kilima mimi na shemeji tulishuka tukatembea, motokari iwe nyepesi. Kila maji yakipanda moto, tulisimama chini ya kivuli tukangoja.

Njiani nilitembea nyuma ya motokari. Shemeji alikuwa ananiita, "Mama Bahati, toka ndani ya moshi! Utakufa kifua!" Nikamwambia aniache. Hakuelewa na sikumueleza. Moshi ule ulikuwa na harufu ya shati lako jioni, ulipokuwa unaingia ndani na mimi nasema usikae kwenye kitanda hivyo. Harufu ile ilikwisha nyumbani zamani. Nilifua kila kitu baada ya matanga, mimi mujinga, nilifua hata kofia. Na pale porini ikarudi yote, nyeusi, inanizunguka kichwa na mabega. Nilitembea ndani yako kilima kizima. Ndege walikuwa wanalia mbali. Sikuchoka.

Na kile kilima kilichokupa haya, kamioneti ilikipanda na mguu wazi wa mutoto wako umelala tu juu ya pedali. Bahati alitungoja kule juu, macho mekundu. "Sikukanyaga, mama. Ilipanda yenyewe." Kwa hiyo ujue. Ulifanya kazi yako vizuri, ilibaki nusu tu.

Mama yako alikuwa ameketi mulangoni na kifurushi chake kimefungwa. Alisema alifunga tangu siku aliyotuma neno. Tulimuweka mbele karibu na Bahati, na mito miwili ya kukalia. Kwenye vilima vya kurudi sisi tulishuka, yeye alibaki peke yake kama muke wa shefu, anatupungia mukono. Alipoona moshi kwa lile jicho lake moja, alisema, "Petro hakuvuta tumbako mbele yangu hata siku moja. Motokari yake haina adabu hiyo." Mvua ilitukuta tumekwisha kuvuka daraja ya mwisho. Bahati alisimamisha motokari, akaiangalia mvua ikishuka nyuma yetu, akavaa kiatu chake.

Tulimupeleka kwako kabla hajaingia nyumbani. Unajua basi, ulikuwapo. Alikataa kushikwa. Alipapasa udongo kwa viganja viwili kama anatafuta kitu kilichoanguka, kisha akakaa, akakunja miguu, akaanza kukueleza habari ya karanga zake na mbuzi wa jirani, na nani alioa nani. Hakulia. Sisi tulisimama mbali. Jua lilishuka na bado anakueleza. Nilipokwenda kumuinua aliniambia, "Bado sijamaliza, lakini ni sawa. Sasa ninakaa karibu." Hatarudi kijijini. Amesema amefika.

Yosefu aliita fundi akaweka pompi sawa. Motokari inapita bila moshi sasa, inaimba chini chini, watu hawageuki tena kuangalia. Bahati anafurahi. Mimi pia ninafurahi, nakwambia kweli, isipokuwa mara moja moja inapoondoka uwanjani nasimama nyuma yake nikivuta pumzi, na hakuna kitu.

Nakuaga, Baba Bahati. Nakuahidi mama yako hatakula peke yake na hataamka peke yake, siku zote nitakazokuwa na mikono. Jicho lake nitamusafishia mimi.

Lakini iko jambo moja, na hili unijibu upesi. Kila asubuhi, mbele ya salamu, ananiuliza: "Amekujia?" Nasema bado. Nadanganya. Umenijia mara nyingi, unaniuliza funguo iko wapi, unacheka. Siwezi kumwambia, juu yeye hajakuota hata mara moja, na anahesabu kila asubuhi kama muntu anayengoja barua. Usinijie mimi tena kwanza. Muendee yeye, hata leo. Sema neno lolote, hata kumuomba maji. Kitanda ni kile kile, yeye analala upande wako wa zamani, karibu na mulango. Mimi nimesogea kwa ukuta. Nitageuka, nitafunga macho, sitasikia.

Mimi muke wako,
Mama Bahati